Mpangaji wa Mji ni Nani?

Neno mpangaji lina maana mbili katika lugha yetu, na mwalimu aliyewahi kulieleza darasani anajua jinsi wanafunzi wanavyotabasamu maana hizo zinapowekwa pamoja ubaoni. Maana ya kwanza ni mtu akaaye katika nyumba isiyo yake, alipaye kodi kila mwezi, na siku yake ikifika hufunga mizigo akaondoka. Maana ya pili ni mtu atiaye mambo katika taratibu: aamuaye kipi kitangulie na kipi kifuate, kipi kikae hapa na kipi kikae kule. Yule wa kwanza hana usemi mkubwa juu ya nyumba anamolala. Huyu wa pili aghalabu ndiye mwenye usemi wote. Hata hivyo lugha imewapa jina moja.

Katika makala haya tunapenda kuuliza kama lugha hapo haikunena kweli kubwa kuliko ilivyokusudia. Tutauliza hivyo mbele ya miji miwili ya Burundi, Gitega na Muyinga, ambayo si mikubwa wala si midogo, na ambayo yote miwili inakua. Swali letu ni hili: watu wa leo wana haki gani ya kuwapangia makazi watu wa kesho? Na wana haki gani ya kumwondoa jirani yao penye shamba lake ili mtu ambaye hajazaliwa apate barabara ya kupita? Swali hili wengi huwaachia wahandisi na wapima ardhi. Sisi twaona kwamba ni swali la haki kabla ya kuwa swali la vipimo, na kwa hiyo linamhusu kila mtu aliyefundishwa kutofautisha jema na baya.

Miji miwili

Gitega ni mji wa historia ndefu. Mwaka 1912 Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao katika Urundi, wakaliandika jina lake Kitega. Walipokuja Wabelgiji, mwakilishi wao mkuu kwa Urundi alikaa huko, huku mkuu wa Ruanda-Urundi yote akikaa Usumbura kando ya ziwa Tanganyika. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 mji mkuu ukawa Bujumbura, na Gitega ikabaki na Makumbusho yake ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, pamoja na ngoma za kifalme za Gishora zilizo karibu nayo. Kisha, mwezi Desemba mwaka 2018, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba Gitega itakuwa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ibaki mji mkuu wa kiuchumi. Sheria ikafuata mapema mwaka 2019. Mji ambao katika sensa ya mwaka 2008 ulihesabiwa kuwa na wakazi kama 42,000 ukatakiwa kujiandaa kupokea bunge, wizara, mabalozi, na wote wanaofuatana na vitu hivyo.

Muyinga yamepita mambo ya kinyume. Mji huu wa kaskazini mashariki, ulio njiani kwenda kituo cha mpakani cha Kobero na kuingia Tanzania, ulikuwa makao makuu ya mkoa uliobeba jina lake. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42, na mpango huo ukaanza kutumika mwaka 2025. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi zikaunganishwa kuwa mkoa mmoja wa Buhumuza, na makao makuu yakawekwa Cankuzo.

Basi tunayo miji miwili ambayo katika muda wa miaka michache mmoja wake ulipandishwa kwa kalamu, na mwingine ukateremshwa kwa kalamu. Hatusemi kwamba kalamu ilikosea. Hilo ni jambo la siasa, nalo lina mahali pake. Tunalotaka kulitazama ni kile ambacho kalamu haikukigusa. Siku ya pili baada ya amri, malori yaliendelea kupita Kobero. Mama auzaye ndizi sokoni Muyinga alihitaji maji yale yale aliyoyahitaji siku iliyotangulia. Mtoto wa Gitega alihitaji njia ile ile isiyokatwa na mvua ili afike shule. Cheo cha mji hutolewa na kuondolewa kwa maandishi, lakini haja za mji huja pamoja na watu, na watu hawangoji cheo.

Hapo tunapata funzo la kwanza. Mpango wa mji unaojengwa juu ya cheo, yaani majengo ya serikali kwanza na watu baadaye, umejengwa juu ya kitu kinachoweza kuhama. Mpango unaojengwa juu ya haja za wakazi hauna hatari hiyo. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba sasa ipangwe Gitega, na Muyinga isubiri zamu yake. Muyinga haikupungukiwa na watu siku ilipopungukiwa na cheo.

Shamba si pori

Msomaji wa Dodoma au wa Mombasa yafaa akumbuke jambo moja kabla hatujaendelea. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walikaa vijijini, nyumba kwa nyumba, na baina ya kijiji na kijiji palikuwa na pori. Burundi haikuwa hivyo. Kwa asili Warundi hawakukaa vijijini. Kila jamaa ilikuwa na boma lake, liitwalo rugo, likizungukwa na migomba na mashamba yake, na maboma hayo yametawanyika juu ya kila mlima. Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 27,834 tu, na watu wake sasa wamepita milioni 12. Yaani zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao ni wakulima.

Maana yake ni kwamba mji wa Burundi unapokua, haukui kwa kuingia porini. Unakua kwa kuingia katika shamba la mtu. Kila barabara mpya ya Gitega ni mstari wa maharagwe ambao haukupandwa. Kila kiwanja cha ofisi ni migomba iliyolisha nyumba fulani. Mpima ardhi anapoitandaza karatasi yake nyeupe huona nafasi, lakini mlimani kwenyewe nafasi nyeupe hakuna.

Ndugu zetu wa Tanzania walilipitia jambo linalofanana na hili, ijapokuwa katika nchi yenye nafasi zaidi. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 ukatolewa mpango mkuu wa mji, uliotayarishwa na kampuni ya Kanada. Ulikuwa mpango wenye fikra nzuri, mji wa kutembea kwa miguu na wenye miti mingi. Ilitazamiwa kwamba kuhama kungechukua kama miaka kumi. Ilipofika mwaka 2016 wizara nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam. Wakati huo wote wakazi wa Dodoma waliishi chini ya ramani: ardhi ilikuwa mkononi mwa Shirika, na hati walizopewa zilikuwa za miaka 33, huku mahali pengine nchini hati ikiweza kufika miaka 99. Mwezi Mei mwaka 2017 Rais John Magufuli alilivunja Shirika hilo, baada ya malalamiko mengi ya wananchi kuhusu ardhi.

Hatuutaji mfano huu ili kuwabeza waliopanga. Tunautaja kwa sababu unaonyesha kwamba ramani ina uzito hata kabla tofali la kwanza halijawekwa. Mtu anaweza kuishi miaka arubaini chini ya mji ambao haujafika.

Deni la ramani

Tuseme yuko mjane mmoja nje kidogo ya Muyinga, kandokando ya barabara inayoteremka kupitia Karusi kwenda Gitega. Ana shamba dogo la maharagwe na migomba, na nyumba ya bati aliyoijenga na marehemu mumewe. Siku moja watu wanakuja na vigingi na kamba. Wanamwambia kwa adabu kwamba shamba lake limo katika mpango. Hapo patapita barabara, na ng'ambo yake patajengwa soko. Wanaandika, wanaondoka.

Tangu siku hiyo hakuna jembe la serikali lililogusa ardhi ya mama huyu, lakini tazama yaliyokwisha kumpata. Hathubutu kuongeza chumba, maana kitavunjwa. Hathubutu kupanda miti ya miaka mingi, maana itakatwa. Mwanawe wa kiume anayetaka kuoa hajui ajenge wapi. Wakati huo huo mtu mwenye fedha, ambaye alipata kuiona ramani mapema, anazunguka kwa majirani akinunua vipande kwa bei ya shamba, ili kesho aviuze kwa bei ya kiwanja. Miaka inapita, barabara haiji. Ramani imemchukulia mama huyu mali yake kabla barabara haijaihitaji.

Katiba ya Burundi imelitambua jambo hili kwa uzuri. Inasema kwamba mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa manufaa ya umma, kwa njia iliyowekwa na sheria, na kwa fidia ya haki iliyotangulia. Kinyume cha hapo, iwe ni kwa hukumu ya mahakama isiyokatiwa rufani tena. Sisi walimu tuna desturi ya kupima kila neno, basi na tulipime neno hili kutangulia. Katiba haikutosheka na kusema fidia iwe ya haki. Fidia ya haki inayokuja baada ya miaka saba si ya haki tena, kwa kuwa bei ya ardhi imepanda na mtu amekwisha kula akiba yake. Haki ya fidia imo katika kiasi chake na katika wakati wake pia, na afadhali mpango unaochukua kidogo na kulipa kwanza kuliko ule unaoahidi mengi na kulipa mwisho.

Tena kuna swali la nani alipwe. Urithi wa ardhi nchini Burundi umeongozwa na mila, na mila ilimpa ardhi mwana wa kiume. Mjane wetu analima, anakula na kuuza kutoka shamba lile, lakini fedha zikija zaweza kuitwa kwa jina la shemeji yake. Mtu aliyekimbia nchi mwaka 1972 au mwaka 1993, akarudi baadaye na kukuta mwingine amejenga, naye ana neno juu ya shamba hilo hilo. Ramani inayouliza tu, "Hapa ni pa nani?", bila kuuliza, "Nani anaishi kwa sababu ya hapa?", itamlipa mmoja na kuwafukarisha watatu.

Pingamizi

Hapa atasimama mtu na kutupinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: mkimsikiliza kila mjane, mji hautapangwa kamwe. Mtaachia nyumba zijengwe penye mkondo wa maji, na mvua za milimani zikiteremka kutoka katika mabati elfu moja zitachimba makorongo, na makorongo yatazimeza nyumba hizo hizo mlizozihurumia. Mtaachia njia nyembamba ambazo gari la kuzima moto halipiti. Mtarundika biashara zote mahali pamoja, na itakuwa kama soko kuu la Bujumbura, lililoteketea tarehe 27 Januari 2013, ambapo watu wengi walilala maskini kwa moto wa siku moja. Huruma ya leo, atasema, ndiyo maafa ya kesho.

Twakiri kwamba asemayo ni kweli. Tena twaongeza: kutokupanga nako ni kupanga, ila ni mpango wa mwenye nguvu. Pasipo mpango, mwenye fedha hujenga penye chemchemi, huziba njia ya maji, hukata mti wa mwisho wa mlima, na asiye na fedha husukumwa bondeni. Maji ya bomba yasipofika kwake, huyanunua kwa dumu, na kwa bei iliyozidi ya yule mwenye bomba uani. Mwalimu Nyerere aliwakumbusha wananchi wake mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Asiyechagua atachaguliwa na wengine. Wazee nao walinena: samaki mkunje angali mbichi. Gitega na Muyinga bado ni samaki wabichi. Kinachoweza kufanywa huko leo kwa mstari wa kamba na maneno ya busara, mji mkubwa hukifanya kwa tingatinga na machozi.

Lakini mpinzani wetu amechanganya mambo mawili: uthabiti wa mpango na ukimya wa wapangiwao. Brasília, mji mkuu wa Brazili uliozinduliwa mwaka 1960, ulipangwa kwa uthabiti mkubwa. Hata hivyo vibarua waliokuja kuujenga hawakuwa na nafasi ya kutosha ndani ya mpango wenyewe, na mwaka 1958, kabla mji haujazinduliwa, ilibidi uanzishwe mji wa pembeni wa Taguatinga ili wapate pa kukaa. Walionyamazishwa hawakutoweka, bali walijenga makwao nje ya mstari. Ndivyo ilivyo popote: mtu asiyesikilizwa wakati wa kupanga hujibu wakati wa kujenga.

Burundi ina hazina yake katika jambo hili. Zamani bashingantahe, wazee waliotambuliwa na jirani zao kwa ukweli na utulivu, walikaa na kuamua mashauri ya mipaka na mashamba, na hukumu haikutolewa kabla pande zote hazijanena mbele ya watu. Hatusemi kwamba mji wa kisasa uongozwe kwa baraza la mlimani peke yake, wala kwamba baraza hilo halikuwa na upungufu. Wanawake hawakupewa nafasi sawa humo. Twasema kwamba kanuni yake ni njema: asiyesikilizwa hahukumiwi. Sheria ya mipango miji, makazi na ujenzi ya mwaka 2016 ipo. Sheria hiyo ikisomwa kwa moyo wa kanuni hii, mjane wetu atakuwa ameulizwa kabla ya vigingi, atakuwa amelipwa kabla ya barabara, na atakuwa ameambiwa tarehe: ikiwa barabara haikuja kufikia mwaka fulani, shamba lamrudia na uhuru wake wote.

Asiyekuwepo

Limebaki swali gumu zaidi. Baraza huwasikiliza waliopo. Je, nani atamsemea yule asiyekuwepo: mtoto atakayezaliwa Gitega baada ya miaka thelathini, au kijana wa mlimani ambaye bado hajajua kwamba atahamia Muyinga?

Hapa ndipo zile maana mbili za mpangaji zinapokutana. Mpangaji wa nyumba anajua kwamba baada yake atakuja mwingine. Akiwa muungwana, hatoboi kuta, hajazi kisima takataka, wala hajengi kitu uani kitakachomziba anayekuja. Mpangaji wa mji naye yamfaa kujiona hivyo. Yeye na wenzake wote waliopo leo wamo katika nyumba ya kupanga. Kwa hiyo wajibu wake kwa asiyekuwepo si kumjengea kila kitu. Hajui mtu huyo atapenda nini, wala atafanya kazi gani. Wajibu wake ni kumwachia nafasi: njia kuu zisizozibwa, mikondo ya maji isiyojengwa, chemchemi na vilele vya milima vyenye miti, mahali pa shule, pa soko zaidi ya moja, na pa makaburi. Mambo hayo machache yashikwe kwa uthabiti usiopinda, na gharama yake ilipwe na wote. Yaliyobaki waachiwe wakazi, maana wao ndio wajuao wapi pa kuweka kinyozi na wapi pa kuweka jiko la chapati.

Mpango wa namna hiyo huitwa mpango kamili, lakini ukamilifu wake haumo katika kuamua kila jambo. Umo katika kutomsahau mtu yeyote: aliyekuwepo kabla yake, aliyepo, na atakayekuja.

Wajibu wetu

Wenzetu watauliza, walimu wa Kiswahili wana kazi gani katika haya? Tunayo kazi, nayo ni ya lugha. Aghalabu sheria na ramani za Burundi huandikwa kwa Kifaransa. Mkulima huzisikia zikifasiriwa haraka kwa Kirundi siku ya mkutano, na mfanyabiashara wa mpakani huzisikia kwa Kiswahili cha sokoni, nusu nusu. Mtu asiyejua tofauti ya fidia na zawadi hushukuru anapopaswa kudai. Mtu asiyejua maana ya hati, mpaka, kiwanja na hifadhi ya barabara hutia kidole gumba penye karatasi asiyoijua. Asiyejua maana haambiwi maana, walinena wazee. Lakini sisi kazi yetu ndiyo hiyo, kuambia maana.

Basi tunapendekeza zoezi moja jepesi. Mwalimu wa Gitega, wa Muyinga, au wa mji wowote wa kiasi hicho, awaagize wanafunzi wake wachore ramani ya njia watokayo nyumbani hadi shuleni, na waandike majina ya vitu vyote walivyopita: chemchemi, korongo, shamba la fulani, duka, mti mkubwa. Kisha awaulize: barabara pana ikipita hapa, nani ataondoka, na nani atafaidika? Nani aulizwe kwanza? Watoto watajibu kwa ukali, maana watoto hupenda haki. Na wengine katika hao, baada ya miaka michache, ndio watakaozishika kamba na vigingi.

Wakifika huko, tungependa wakumbuke somo la neno mpangaji, na jinsi walivyotabasamu siku ile.